Mpangaji wa Nyumba Namba Saba

JE, msomaji mpenzi, ingekuwa wewe ungefanyaje? Una ploti yako yenye nyumba 8 mtaani Kapsoya, mjini Eldoret. Nyumba namba 7 imekaa tupu mwezi wa pili sasa, na mkopo wa ushirika haungoji mtu. Siku moja anakuja mteja na pesa mkononi: kodi ya miezi 3 na dipoziti juu yake, wala habembelezi apunguziwe hata shilingi 10. Ana mke na watoto 4. Ana duka la nguo na mazulia mjini. Kitambulisho chake ni cha Kenya, kimetolewa Wajir. Kabla hujamkabidhi ufunguo, wapangaji wako 5 wanakuja mlangoni kwa pamoja na kukuambia: huyo Msomali akiingia, sisi tunatoka.

Hayo ndiyo yaliyomkuta mwalimu mmoja mstaafu ambaye zamani alinifundisha hisabati katika darasa la sita, na ambaye alikuwa akichapa kwa haki, yaani alitupiga sote sawasawa. Alinipigia simu. "Mwanangu," akasema, "wewe ulisomea mambo ya magazeti. Njoo Jumamosi jioni uandike kumbukumbu za mkutano, kesho mtu asije akakana maneno yake."

Nikaenda. Kiwango cha hesabu zangu bado ni kile kile, lakini mwalimu haambiwi la.

Tuliketi chini ya mparachichi, viti vya plastiki vikazunguka birika la chai ya maziwa. Aliyefungua mdomo kwanza alikuwa dereva wa lori linalokwenda Malaba na Kampala. Alisema hana chuki na mtu, na wewe msomaji unajua mazungumzo yanayoanza hivyo huelekea wapi. Hawa watu, akasema, ni wageni. Walikuja mmoja mmoja, sasa wameshika maduka. Wakipata nyumba moja watataka nane. Waende kwao.

Niliandika "waende kwao" nikatulia kidogo na kalamu yangu, kwa maana mjini Eldoret hilo si neno dogo.

Hebu tutazame nyuma kidogo. Nyanda hizi zinaitwa Uasin Gishu kwa jina la Wamaasai waliowahi kulisha ng'ombe wao hapa, na kabla yao kuna Wasirikwa walioacha mashimo yao katika vilima. Wanandi walizilinda hadi Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Hata kabla damu hiyo haijakauka, Waingereza walikuwa wamekwisha kuzitoa zawadi: mwaka 1903 Joseph Chamberlain aliwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi nafasi ya kuja kukaa papa hapa. Tume yao ikaja ikatazama, na mkutano wao wa 1905 kule Basel ukakataa. Mwaka 1908 wakaja Makaburu na Van Rensburg wao, kwa meli hadi Mombasa, kwa gari la moshi hadi Nakuru, kisha kwa magari ya ng'ombe katika matope. Posta ikafunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, na ndiyo maana wazee wangali wanauita mji huu Sisibo. Wahindi wakaja na maduka. Wanubi na Wasomali wakaja na jeshi, na mifugo, na misafara ya biashara. Waluhya, Wakikuyu na Waluo wakaja kutafuta kazi mashambani na baadaye viwandani. Na tarehe 15 Agosti 2024 mji ukapewa hati ya kuwa jiji, la tano nchini.

Katika safu ile ya viti, basi, nani alikuwa mwenyeji? Mwalimu mwenyewe ni Mkeiyo, babu yake alishuka kutoka bondeni. Dereva ni Mluhya. Mama wa nyumba namba 3, anayeuza nafaka, ni Mkikuyu, na alipolisikia neno "kwao" aliweka kikombe chini. Hakusema kitu. Hakuhitaji kusema. Januari 1, 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, walichomwa humo ndani wakiwa hai, wengi wao akina mama na watoto. Maelfu walilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo chini ya turubai. Wakati ule pia kulikuwa na watu walioambiwa waende kwao, na baadhi yao walikuwa wamezaliwa hapa hapa, wakabatizwa hapa hapa. Dini yao na ya waliowafukuza ilikuwa moja.

Dereva aliona kimya kile akasahihisha kauli yake. Si wageni wote, akasema. Hawa ni tofauti. Hawa ni usalama.

Hapo maneno yakawa magumu zaidi, na sitaki kuyapuuza. Septemba 2013, Westgate, watu 67. Novemba 2014, basi la Mandera, abiria 28 wasio Waislamu waliotengwa na kuuawa. Aprili 2015, Garissa, watu 148. Mtu asiyeogopa baada ya hayo hana moyo. Lakini nililazimika kuuliza swali moja, ijapokuwa kazi yangu ilikuwa kuandika tu: mmoja wa waliovamia Garissa alikuwa nani? Alikuwa mtoto wa chifu kutoka Mandera, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika lile shambulio la hoteli ya DusitD2 mwezi wa Januari 2019, mmoja alikuwa kijana ambaye baba yake alikuwa mwanajeshi wa Kenya. Hawa hawakuvuka mpaka na mzigo kichwani wakiomba hifadhi. Na hao hao Al-Shabaab wamewaua Wasomali wengi kuliko walivyoua kabila jingine lolote, maana kwao Mogadishu ndiko walikoanzia kuchinja.

Kisha kuna Desemba 2015. Basi jingine kule Mandera, wauaji wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo, na abiria Waislamu wakakataa. Walikuwa wamewapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Msomali, alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki Januari 2016. Mwenye ploti wetu aliposikia kwamba alikuwa mwalimu, tena naibu wa mwalimu mkuu, alivua kofia yake akaiweka juu ya goti.

Serikali nayo imetufundisha tabia hii ya kumshuku mtu kwa pua yake. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya, raia, waliamrishwa wapange foleni wathibitishe kwamba ni Wakenya, wakapewa kadi ya pili juu ya kitambulisho ambayo kabila jingine halikuwa nayo. Somalia ilipovunjika mwaka 1991 na kambi za Dadaab zikafunguliwa, raia na mkimbizi wakazidi kuchanganywa. Kulikuwa na Wakenya maskini wa kaskazini, wakati wa ukame, waliojiandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate unga na mafuta, na watoto wao walipofikisha miaka 18 wakanyimwa kitambulisho kwa sababu alama za vidole vyao zilikuwa kwenye daftari la wageni. Aprili 2014 maelfu walikusanywa kutoka Eastleigh na kufungiwa katika uwanja wa Kasarani. Ilipofika Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ule mchujo maalum wa vijana wa kaunti za mpakani umeondolewa. Wapo waliofurahi, na wapo waliosema mlango umeachwa wazi. Huyu mteja wa nyumba namba 7, alivyomwambia Mwalimu, alihojiwa mara tatu kabla ya kukipata kile kitambulisho. Mimi nilihojiwa dakika tano, na nyingi kati ya hizo karani alikuwa akitafuta wino.

Baada ya usalama ikaja dini. Muuguzi wa nyumba namba 1, mama mcha Mungu kweli kweli, aliuliza: je, hawatatulazimisha? Leo ni nguruwe asipikwe, kesho ni mbwa atolewe, keshokutwa ni watoto wetu wasivae kaptula. Akakumbusha mambo ya kadhi.

Suala la kadhi tulilizozana mwaka 2010 hadi tukachoka, lakini si wengi walioisoma ibara yenyewe. Ni ya 170. Mahakama hiyo inashughulika na ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu binafsi, tena pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Ilikuwamo katika katiba tangu uhuru, kwa ajili ya ahadi iliyotolewa juu ya ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Muuguzi wetu hawezi kupelekwa kwa kadhi hata akitaka.

Hijabu ndiyo iliyo ngumu. Kulikuwa na kesi ya shule moja ya Isiolo iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ilisema wasichana Waislamu wanaweza kuvaa hijabu juu ya sare. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo, kwa sababu ombi halikuwasilishwa kwa utaratibu unaofaa tangu mwanzo. Kwa hiyo mpaka leo jambo hili huamuliwa shule kwa shule, na mzazi anayehama huenda akakuta kilichoruhusiwa mtaa wa kwanza kimekatazwa mtaa wa pili. Ufaransa walipiga marufuku kitambaa hicho katika shule za serikali mwaka 2004. Marekani nako walikuwa na kanuni ya zamani ya kutovaa kitu kichwani ndani ya Bunge, wakailegeza Januari 2019 alipoingia Ilhan Omar, mwanamke ambaye utotoni alikaa miaka 4 katika kambi ya wakimbizi ya Utange, karibu na Mombasa. Fikiria: tungemjua sisi kabla yao.

Mimi binafsi, ukiniuliza, sioni kitambaa cha msichana kinanipunguzia nini. Na kuhusu kelele za adhana, mtaani kwangu kuna kanisa la mabati ambalo kila Ijumaa hufanya kesha na spika zake zinaelekea dirisha langu. Adhana huchukua dakika chache. Nabii wetu hana kikomo.

Lakini nisije nikaonekana ninaosha kila kitu. Kuna mila zinazokuja na mizigo ambazo sitazikaribisha, akizileta yeyote. Kukeketa wasichana ni hatia kwa sheria ya mwaka 2011, na miongoni mwa Wasomali mila hiyo bado ina nguvu nyingi. Si amri ya Kurani, masheikh wengi wamesema hivyo. Vile vile si amri ya Biblia, na hapa jirani Marakwet na Pokot Magharibi wapo waendao kanisani Jumapili na kumtafuta ngariba Desemba. Basi nikasikia lazima tuseme: sheria ni hiyo hiyo kwa nyumba namba 7 na nyumba namba 2. Halikadhalika kuna jambo la kujifungia. Mama wa nafaka alilalamika kwamba baadhi ya wafanyabiashara hao huajiri wa ukoo wao tu, huoana wao kwa wao, na mtoto wa jirani akibisha hodi hujibiwa nje ya mlango. Ana haki ya kulalamika. Nilimuuliza tu kama mnunuzi wake mkubwa wa mahindi si shemeji yake, akacheka hadi akalishika birika lisimwagike.

Aliyenishangaza ni mzee wa nyumba namba 2, mwanariadha wa zamani, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote. Alisema: "Vijana wetu mbona wanakwenda kwao?" Akamtaja Stephen Cherono, mtoto wa huku huku, ambaye mwaka 2003 alikimbia mbio za kuruka viunzi na maji mjini Paris akiwa raia wa Qatar, jina lake Saif Saaeed Shaheen, akachukua dhahabu. Akamtaja Ruth Jebet, aliyeishindia Bahrain dhahabu Rio mwaka 2016. Akamtaja Wilson Kipketer wa Denmark. Hakuna aliyeandamana kule Doha akisema Wakalenjin wameshika viwanja. Na upande wa pili, akasema, Mo Farah, mtoto wa Kisomali aliyeingizwa Uingereza kwa jina lisilo lake, alipanda Iten kufanya mazoezi na watu wakamkimbilia wapigwe naye picha. "Huyo hamkumwita waria." Neno waria, msomaji, tunalitumia kama tusi, kumbe kwa Kisomali ni la kumwita mwanamume tu, kama sisi tunavyosema "wee bwana".

Nilidhani mkutano umefika mwisho. Nilikuwa nimeshafunga daftari. Ndipo mwalimu wa kike wa nyumba namba 5, dada wa umri wangu hivi, akasema naye ana neno.

Aprili 2015 alikuwa mwanafunzi Garissa.

Chuo kile kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, na waliosalimika, mamia yao, waliletwa kumalizia masomo hapa Kesses, nje kidogo ya Eldoret. Yeye ni mmoja wao. Alimaliza, akapata kazi, akabaki. Wote palepale walijua anafundisha. Hakuna aliyejua alikotoka. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma orodha ya wanafunzi waliohudhuria. Shambulio lilianza alfajiri, wenzake wakiwa kwenye sala. Alijificha kabatini hadi jioni. Alisikia watu wakiulizwa dini.

"Siwachukii," akasema. "Daktari wa pale hospitali aliyenitibu usingizi alikuwa Mwislamu. Hata hiyo hijabu, ninafundisha wasichana wanaoivaa. Lakini namba 7 inapakana na chumba changu cha kulala. Mwezi wa Ramadhani wataamka saa kumi kula daku. Mlango utafunguliwa, watu watatembea gizani, watazungumza Kisomali. Mimi sijui nitafanya nini. Mnanielewa? Sisemi wasije. Nasema mimi sijui nitafanya nini."

Msomaji, nimeandika makala mengi ya kuwaambia watu waishi kwa upendo. Hakuna hata moja nililoweza kumsomea dada yule. Hoja zangu za Westgate na mtoto wa chifu, zote za kweli, zilikuwa za kumjibu dereva. Hazikuwa za kumjibu yeye. Mwoga anayezua sababu ni mmoja, na mtu aliyeumia ni mwingine, na kosa letu sisi tunaopenda kutetea wageni ni kuwatia wote katika gunia moja na kuwaita wabaguzi. Dereva mwenyewe aliinamisha kichwa. Nadhani aliona aibu kwamba alikuwa amejisemea maumivu ambayo hayakuwa yake.

Mwalimu alitia kofia yake kichwani akasema mkutano umefungwa, hakuna kura itakayopigwa, ploti ni yake. Nilirudi nyumbani bila kujua ameamua nini.

Siku nne baadaye akanipigia. Alikuwa amekwenda dukani kwa yule mteja, akamweleza yote, bila kumtaja mtu. Mteja alinyamaza, akasema atamuuliza mke wake. Jioni ile mke akaja Kapsoya peke yake na binti yake mdogo, akauliza: huyo mwalimu anakaa mlango upi? Mwalimu akamzuia, akaenda kwanza kumuuliza dada kama atakubali. Akakubali, lakini nje, si ndani.

Wakaketi kwenye ngazi. Mtoto akapewa biskuti. Mwanzoni walizungumza bei ya stima na jinsi tokeni zinavyokwisha. Kisha yule mama akauliza ni saa gani iliyo mbaya kuliko zote. Dada akamwambia: saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mama akatikisa kichwa. Akasema hata wao, walipotoka Wajir, binti huyu mkubwa wake alikuwa akisikia mlio wa gari la doria anaingia chini ya kitanda. Hakufafanua zaidi, wala hakuulizwa.

"Tutapita mlango wa nyuma," akasema mama. "Na mume wangu nitamwambia asiite watoto kwa sauti."

Dada alifikiri kidogo. "Si sauti," akamwambia. "Ni giza. Mkiamka, washeni taa ya nje kwanza, kabla ya kufungua mlango. Nikiiona taa nitajua ni ninyi."

Walihamia mwisho wa mwezi, kwa pikapu mbili na mazulia yasiyohesabika. Dereva wa lori ndiye aliyewasaidia kuingiza kabati, kwa kuwa halikupita mlangoni na yeye ndiye anayejua kuligeuza. Muuguzi amekwisha kuuliza kama Krismasi ijayo mbuzi wa ploti achinjwe na baba wa namba 7, ili wote wale. Mwalimu amenunua balbu mpya ya nje, ya mwanga mweupe, na amenitumia risiti kwenye simu niiweke pamoja na kumbukumbu za mkutano.